Chumba cha Kupokelea Msiba

Sisi watu wa Bukavu hatumwambii mtu kifo kwa simu. Simu inaweza kulia kwa mjomba, kwa jirani, kwa mkuu wa kanisa, lakini kwa mfiwa hailii. Kwake watu huja. Huja asubuhi, wengi kwa mpigo, kina mama mbele wamejifunga vitenge juu ya makoti, kina baba nyuma wakitazama viatu vyao. Mwenye nyumba akifungua mlango akaona nyuso zote zile zilizofumba midomo, tayari amejua. Hajui tu ni nani. Anaambiwa aketi. Mtu wa nyumba yake, yaani anayelala naye chini ya dari moja, mke au mume au ndugu, humshika mabega kutoka nyuma ili asianguke, na mkubwa mmoja ndiye anayesema. Kabla ya hapo hakuna ruhusa ya kulia. Anayelia kabla mfiwa hajaambiwa amemwibia mwenzake kilio.

Ni desturi nzuri, na sitaki mtu anifundishe ubaya wake. Lakini miaka niliyoishi Brussels na mwanamume niliyempenda, desturi hiyo ilinitisha kuliko polisi, kuliko makaratasi ya ukaazi, kuliko hata ule ugonjwa ambao miaka ile ya tisini ulizika watu wa rika letu huku familia zikisema ni malaria. Mama yangu alikuwa Bukavu, mjane mwenye presha. Siku moja angekufa, kama wazazi wote. Na siku hiyo wangekuja kwangu, kwaya nzima ya watu wazima, wangepanda ngazi bila kuitwa, wangeingia mpaka chumbani kuweka makoti yao, na wangekuta wanaume wawili na kitanda kimoja.

Nimwite mwenzangu, maana neno jingine sina hata leo. Alikuwa Mbelgiji, fundi wa lifti, mikono mikubwa, kucha ambazo grisi haikutoka hata kwa harusi ya dada yake. Tulikutana kituoni siku theluji ilipozuia tramu. Tukatembea kwa miguu mpaka Saint-Gilles tukibishana kwa nini nchi inayoona theluji kila mwaka inashangazwa nayo kila mwaka. Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati wa kujaza nafasi, leo shule hii, kesho ile. Baada ya mwaka nikahamia kwake.

Yeye alikuwa na neno lake. Alilitamka mezani kwa mama yake kama mtu anayeomba apitishiwe viazi. Aliniambia haikuwa hivyo tangu mwanzo. Alipokuwa kijana, watu kama yeye walikutana kwenye baa zisizo na dirisha, unagonga, jicho linakuchungulia kupitia tundu la mlango, ndipo unafunguliwa. Na baba yake alikaa miaka bila kumsemesha. Kisha baa zikaweka vioo upande wa barabarani. Watu wakaanza kuandamana mchana. Baba akarudi kumwalika kula Jumapili, kwa kununa, lakini sahani ilikuwepo, na baadaye ikawepo na ya kwangu. Sasa magazeti yalibishana kama wawili wa aina yetu waandikishwe manispaa kama watu wa nyumba moja. Alikuwa na historia nzima, yenye babu zake na vita vyake. Mimi nilikuwa na matusi mawili matatu niliyoyasikia utotoni uwanjani, na baada ya hayo kimya.

Alinipeleka maandamanoni mara moja. Nilisimama nyuma ya kibanda cha kuuza viazi vya kukaanga, nimevaa miwani ya jua, mvua inanyesha. Nadhani mji mzima haukuwa na mtu aliyeonekana waziwazi kunizidi.

"Unaogopa nani?" aliniuliza tukirudi, nguo zimelowa. "Hapa hakuna anayekujua."

Hakuelewa, na wakati ule hasira zilinipanda upesi. Nilimjibu kwamba yeye ana nchi nzima nyuma yake, mimi nina watu mia mbili tu, nusu yao wanasukwa nywele saluni moja kule Matonge, mtaa wa Wakongo. Hao wakinigeuzia kisogo sina wengine.

Wala sikuwa naogopa kivuli changu. Nilikuwa nimeona. Kijana mmoja wa Goma, mwimbaji mzuri wa kwaya, alionekana karibu na Bourse, katikati ya mji, ameshikana mikono na mwanamume. Hakupigwa, hakutukanwa. Watu waliacha tu kumtaja. Baadaye baba yake akafa kule Goma, habari ikafika Brussels, na hakuna aliyekwenda kwake. Aliijua kwa bahati, miezi imeshapita, kwa kinyozi ndani ya Galerie d'Ixelles, kutoka kwa mtu aliyempa pole akidhani anajua. Mimi nilikuwa kiti cha pili, shuka la kinyozi shingoni, na niliuona uso wake kwenye kioo. Alisema asante. Akaomba amaliziwe nywele.

Tangu siku ile nilijua kwa hakika ninachoogopa. Sikuogopa kipigo wala kuchekwa. Niliogopa mama yangu afe na watu wasije.

Hivyo chumba cha Molenbeek kikapata kazi. Kilikuwa chumba changu cha ujana, karibu na mfereji, juu ya duka la Mmoroko aliyeuza zeituni, ndoo na sabuni ya kipande. Nilipohamia Saint-Gilles sikukiacha. Watu wetu wote walikijua kuwa ndiko kwangu. Kila Jumamosi nilikwenda kukipa uhai: nilifungua dirisha, nikawasha hita, nikalowesha mswaki, nikatandua kitanda na kukitandika tena, nikatembea kwa viatu ili jirani wa chini asikie kuna mtu. Mwenye duka nilimwachia namba yetu ya simu. Nilimwambia, wakija watu wengi, weusi, wasioongea, nipigie.

"Wanakudai?" aliuliza.

"Hapana. Ni ndugu."

Alinitazama kwa huruma kubwa. Bila shaka na yeye alikuwa na ndugu.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Yangu ilikuwa na metro na tramu, na bado niliiona salama. Mwenzangu alikichukia chumba kile. Alisema nimekodi kaburi na ninalifagia kila wiki. Alisema pia jambo lililoniumiza zaidi: kwamba nimejiandalia mahali pa kulia ambapo yeye haruhusiwi kuingia. Nilikasirika, maana ilikuwa kweli. Nikamweleza basi matanga yetu yalivyo, ili aone kwamba si mchezo: jinsi viti vinavyosukumwa ukutani, kitanda kinavyofunguliwa na godoro kutandikwa sebuleni, mfiwa anavyoketi chini na kina mama kumzunguka, jikoni kunavyotekwa kwa siku kadhaa, na mtu wa nyumba anavyomshika mfiwa. Alinisikiliza huku akisafisha bisibisi zake kwa kitambaa.

Mama alinitumia kaseti. Wasafiri walizileta, zimefungwa kwenye nailoni, na sauti yake ilitoka na majogoo nyuma. Alinipa habari za paa, za mvua, za watoto wa dada yangu. Kisha kila kaseti, mwishoni, aliuliza kitu kilekile.

"Nani anakupikiaka kule? Muntu hawezi kujipikiaka miaka yote. Unalalaka muzuri? Sema basi na mama yako."

Nilimrekodia majibu nikiwa nimejifungia bafuni ili sauti ya mwenzangu isiingie. Nilisema ninajipikia, ninalala vizuri. Kuna kaseti moja niliyosahau kuzima, na mwishoni mwake mlango ukafunguliwa na sauti ya kiume ikauliza kwa Kifaransa kama nataka chai au kahawa. Niligundua baada ya msafiri kuondoka nayo. Mama alipojibu hakuligusa jambo hilo, isipokuwa aliacha kuuliza nani ananipikia. Akawa anauliza kulala tu.

Halafu vita vikaingia Bukavu. Barabara zikakatika, simu zikanyamaza. Sisi wa Kivu tulishinda kwenye baa za Matonge tukitazama televisheni isiyotuonyesha mitaa yetu. Kila kengele ya mlango ilinikausha damu. Mfanyakazi wa gesi akipiga, nasimama nyuma ya pazia. Mtu wa posta akipiga, najificha jikoni na mwenzangu ndiye anayefungua. Nilipungua mpaka suruali zikahitaji tundu jipya kwenye mkanda.

Simu ililia Jumamosi moja ya baridi, tunakunywa kahawa, kabla sijaondoka kwenda kufagia kaburi langu. Mwenzangu alipokea. Alisikiliza, akaniangalia, akafunika mdomo wa simu kwa kiganja.

"Ni yule wa zeituni," alisema. "Anasema ndugu zako wako mlangoni. Wengi. Anasema hawaongei."

Niliweka kikombe mezani, nikakiweka vibaya, kikaanguka. Mwenzangu alinijia na mikono yote miwili mbele. Nikamsukuma. Nilimsukuma kwa nguvu, kwa sababu kama angenikumbatia pale ningelia, na bado sikuwa nimeambiwa. Nilivaa koti langu, nikakuta ni lake, nikaenda nalo hivyohivyo, mikono inanifika kwenye vidole.

Kwenye metro nilifanya kile nilichokijua: nilihesabu uwezekano. Inaweza kuwa shangazi. Inaweza kuwa dada. Nikajikuta ninaomba iwe dada yangu, na nikaogopa moyo wangu mwenyewe.

Walikuwa wamejaa kando ya njia mbele ya duka, pumzi zao zinatoka moshi. Mbele alisimama Maman Présidente. Hilo halikuwa jina lake, ni cheo tu. Aliongoza chama cha kina mama wa Kivu, alikuwa na saluni Matonge, na hakuna msiba wa watu wetu Brussels uliosemwa na mdomo mwingine. Mwanamke mfupi, mpana, asiyependa kupotezewa muda. Kando yake alikuwa Tonton, binamu wa marehemu baba, shemasi, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akinitafutia mchumba kwa picha. Kwake ndiko simu ya kwanza kutoka Bukavu tangu vita ilikolia.

Hakuna aliyenisalimu. Nikafungua mlango, tukapanda.

Chumba kilipokea watu wanane, waliobaki wakajaa ngazini. Nilikaa kitandani kama nilivyotakiwa. Sasa, nilijiwazia, mpango umefanya kazi. Miaka yote ile ya kulowesha mswaki haikupotea. Maman Présidente alibaki amesimama. Alitazama. Mama mmoja alikuwa tayari ameingia kwenye kajiko kuweka maji ya chai, maana wao hawangoji kuambiwa, na akaanza kufungua makabati, moja, jingine, la tatu. Akatoka mikono mitupu.

"Hakuna sukari," alisema taratibu. "Hakuna chumvi. Hakuna hata mafuta."

Mimi na hisabati yangu. Nilikuwa nimekumbuka mswaki, nikasahau chumvi.

Maman Présidente alifunua shuka, akabonyeza godoro kwa ngumi. Nililinunua nilipohamia Saint-Gilles, na bado lilikuwa gumu kama lilivyotoka dukani. Kisha akaniinamia, uso karibu na uso, na akaniuliza kwa sauti ambayo hata Tonton hakuisikia vizuri.

"Mutoto wangu, unalalaka wapi?"

Nilisema hapa. Nilisema hapa, Maman.

"Bon. Hapa hakuna muntu analala." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Ile maneno tulikuja nayo, hatuisemake pahali muntu halalake. Maneno itabaki inatembea inakutafuta. Simama. Utupeleke kule unalalaka."

Kila mtu alisikia hiyo ya mwisho. Ngazini wakaanza kushuka.

Dukani niliomba simu. Mwenye zeituni aliisogeza kwangu. Mwenzangu aliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Wanakuja," nilisema. "Wote. Wanakuja huko."

"Unataka nitoke? Naweza kwenda kwa mama. Naweza kutoa jina langu kwenye kengele, bisibisi ninayo hapa."

Alisema bila kinyongo. Niliona mlangoni Maman Présidente ananisubiri, mkoba tumboni. Ningesema toka, ningekuwa nimeokoka. Ningesema baki, na pengine mama yangu angezikwa pasipo mtu wa kulia nami. Nilisema, "Sijui," na nikakata simu. Sikuwahi kusema neno la kweli kuliko hilo.

Kwenye metro walikaa kunizunguka na hakuna aliyezungumza. Wazungu walitutazama, wakafikiri labda tunakwenda kanisani. Nilitaka kumshika mama mmoja bega nimuulize: ni yeye? Niambie tu kwa macho. Lakini macho yao yote yalikuwa chini, na mmoja alikuwa ameuma ncha ya kitenge chake ili kilio kisimponyoke. Alikuwa amekibeba tangu alfajiri kwa ajili yangu. Nikamwonea huruma, na nikamwogopa.

Tonton alisogea kando yangu. Alinong'ona akitazama mbele, kama mtu anayesoma tangazo la metro.

"Mimi si mutoto. Nimesikia maneno ya watu siku mingi, nimekataa kuamini. Kama kule tunaenda kuko haya, sema sasa. Nyumba yangu ni kubwa. Tutashuka De Brouckère, twende kwangu Anderlecht, tutakuambia kule, tutalia kule, na hakuna muntu atauliza kitu. Lakini ukitupeleka kwa haya yako, alors, mimi nitarudi kwangu na watu wangu. Utalia peke yako."

Alikuwa ananipa mlango. Nasema haki: alikuwa ananipenda kwa namna yake, na mlango ule ulikuwa mpana. Metro ikafika De Brouckère. Tulishuka. Hapo njia inagawanyika: upande mmoja unarudi kuelekea Anderlecht, upande mwingine unashuka ngazi kwenda kwenye tramu ya chini ya ardhi ya Saint-Gilles. Watu wakasimama, wakanitazama kwa mara ya kwanza.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiri jambo la ushujaa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilikuwa mwoga na kilio kilikuwa kinanijia vilevile, basi uoga ulikuwa umenifaa nini? Nilimfikiria yule kijana wa Goma kwenye kioo. Nilifikiria kaseti. *Unalalaka muzuri? Sema basi na mama yako.* Miaka yote nilimdanganya mama yangu jambo dogo kama hilo, mahali ninapoweka kichwa. Miguu yangu ikashuka ngazi za tramu, na nikasikia nyuma yangu viatu vya kina mama vikishuka pia, na baada ya kitambo, vya Tonton.

Kutoka kituo cha Parvis mpaka kwetu ni mwendo mfupi sana, nami niliomba urefuke. Nilipofika mlangoni nilitazama kengele. Majina yalikuwa mawili. Maman Présidente naye aliyatazama, midomo ikitembea anapoyasoma.

Mwenzangu alifungua. Alikuwa amevaa shati jeupe la Jumapili, vifungo amevipishanisha kimoja juu kimoja chini, uso mweupe kuliko shati. Hakusema bonjour. Nilikuwa nimemwambia zamani kwamba siku hiyo salamu hazitolewi.

Sebule sikuitambua. Viti vyote vilikuwa ukutani, meza imesimamishwa ubavu kwenye korido, picha zimegeuzwa. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi na ndani hakukuwa na kitanda. Kwa dakika nzima, nakiri, nilimshukuru Mungu: ameficha, nilifikiri, ameniokoa, ameondoa ushahidi. Kisha nikaona mbao za kitanda zimepangwa vizuri ukutani, skrubu zake ndani ya bakuli. Na katikati ya sebule, chini, kulikuwa na godoro letu, shuka safi, na mito miwili. Hakuwa ameficha kitu. Alikuwa ameandaa matanga kama nilivyomsimulia.

Kina mama waliiona ile mito. Hakuna jicho lililoikosa. Mmoja akaguna, mwingine akamgusa kiwiko anyamaze. Mimi nilifunga vifungo vya koti lisilo langu.

"Kaa," Maman Présidente aliniambia.

Niliketi kwenye godoro. Alivua viatu, akaja akasimama mbele yangu kwa soksi, akajifunga kitenge upya, akakaza. Watu wakajipanga. Mwenzangu alijibana kwenye pembe ya mlango wa jikoni, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Bon," alisema Maman Présidente. "Muntu wa nyumba ni nani?"

Nilisikia maji yanachemka jikoni. Alikuwa amekwisha kuyaweka.

Tonton alikohoa, akasogea mbele, akakunja mikono ya koti. "Mimi ndiyo mukubwa wa familia hapa. Nitamushika."

Maman Présidente hakumgeukia. "Tonton, weye unalalaka hapa?"

Mtu mmoja nyuma alitaka kucheka, kwa hofu tu, akageuza kuwa kikohozi. Tonton alisimama mguu mmoja mbele, asijue aende au arudi.

"Nimeuliza," alisema tena, na safari hii alinitazama mimi. Hakumtazama mwenzangu hata kidogo. Angeweza, mito ilikuwa miwili na wanaume wa nyumba walikuwa wawili, na yeye si mjinga. Lakini alitaka nitamke mwenyewe, mbele ya watu wangu wote, au nisitamke. "Mutoto wangu. Nani anakaa hapa na weye? Nani atakushika?"

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, kabla wala baada. Hata mama yangu alikuwa bado hai kwa sekunde zile, kwa sababu hakuna aliyesema. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba nikifungua mdomo sebule itabaki tupu.

"Ni yeye," nilisema, na nikanyoosha kidole, maana shingo ilikataa kugeuka.

Viatu vilisogea. Nilisikia mlango wa nje ukifunguliwa na lifti ikiitwa, lifti ile kongwe ambayo mwenzangu alikuwa akiitunza bila malipo. Nikajua ni Tonton, na kwa uzito wa hatua nikajua hakwenda peke yake. Sikutazama nani. Maman Présidente alingoja mpaka lifti iliposhuka yote. Kisha akamwita mwenzangu kwa kidole, kama anavyomwita mteja ambaye zamu yake imefika.

"Monsieur. Venez. Mushike."

Alikuja. Alipiga magoti nyuma yangu na akanishika kiunoni, kwa mikono yote miwili, kama alivyokuwa akinishika siku zote. Mbele ya watu. Nilifumba macho.

"Non, non, non." Maman Présidente alipiga ulimi. Aliinama, akaitoa ile mikono mikubwa mmoja mmoja, akaipandisha, akaibandika mabegani mwangu, akaikandamiza. "Ku mabega. Aux épaules, monsieur. Hivi. Na ukaze, ataanguka."

Ndipo akasimama wima, akanitazama usoni, akaniambia.

"Mama yako ametuacha."

Nilianguka, nikashikwa. Yule mama aliyekuwa ameuma kitenge akakitema, na kilio chake kikatoka chote kwa mara moja, na wengine waliobaki wakamfuata. Walikuwa wamebaki wengi kuliko nilivyodhani, na wachache kuliko walioingia. Mwenzangu hakuelewa neno hata moja la Kiswahili. Kilio kilipopungua akafikiri kimekwisha, na nikahisi vidole vyake vinalegea.

"Usimuachilie," Maman Présidente alimwambia kwa lugha yetu, machozi yanamshuka, kwa ukali wa mtu anayesema na mtoto wa nyumbani. "Bado sijamaliza kusema."

Akaketi chini mbele yetu, na akaanza kueleza jinsi mama alivyokufa, nani alikuwa kando yake, nani alimwosha. Mabega yaliniuma. Ile mikono haikuniachilia.